Ngalawa ya mrengu mmoja: Wahindi walivyopakia simu, TV na mawingu kwenye setelaiti moja

Ukitafuta picha ya INSAT-1B, ile setelaiti ya Wahindi ya mwaka 1983, swali la kwanza litakalokujia ni hawa jamaa walikosea wapi. Setelaiti tulizozoea kuziona zina mabawa mawili ya sola, moja huku moja kule, zimetulia kama ndege. Hii ina bawa moja tu, upande wa pili imetoka fimbo ndefu nyembamba yenye kitu kama tanga dogo mwishoni, yaani mambo yote yamelalia upande kama ngalawa iliyokatika mrengu halafu mvuvi akasema potelea mbali, twende hivyo hivyo.

Kumbe ni makusudi. Na mi nilivyoelewa sababu ndo nikaipenda kuliko hizi za kisasa zenye kila kitu sawasawa.

Ipo hivi. Ndani ya INSAT mlikuwa na kamera ya hali ya hewa inayoona mawingu kwa joto lake, infraredi, ili hata saa nane usiku iendelee kuyaona. Kamera ya namna hiyo sensa yake inataka baridi kali, la sivyo itakuwa inaona joto lake yenyewe badala ya joto la wingu. Huko juu baridi ni ya bure, unaelekeza bamba la kupozea kwenye giza la anga upande wa kaskazini na joto linatoka lenyewe. Lakini ukiweka bawa la sola upande huo huo linalirudishia bamba joto na kamera inapofuka, kwa hiyo bawa la huko wakalitoa, sola yote ikahamia kusini. Hapo tatizo likazaa tatizo, maana mwanga wa jua una msukumo, mdogo mno, hapa chini huwezi kuuhisi, ila ukisukuma bawa la upande mmoja kila siku kwa miaka setelaiti inaanza kupinda. Ndo likaja tanga la upande wa pili, lisukumwe na jua hilo hilo, mambo yabalansi.

Anayetengeneza setelaiti ya TV peke yake hana sababu ya kuhangaika hivi. Wa hali ya hewa peke yake naye miaka ile alikuwa na njia yake rahisi, Meteosat ya kwanza ya Ulaya iliyorushwa 1977 ilikuwa inazunguka kama pia, kila mzunguko kamera inakata kamstari kamoja ka picha mpaka dunia yote inaisha. Sasa pia inayozunguka kuifungia madishi makubwa ya simu na TV yanayotakiwa kuikodolea macho nchi moja masaa 24 ni kasheshe, kwa hiyo INSAT ikabidi isimame tuli na kamera yake ijifunze kufagia picha ikiwa imesimama. Wapangaji wasiopendana, chumba kimoja.

Na waliopanga hicho chumba walikuwa watano. Idara ya Anga, idara ya simu, idara ya hali ya hewa, redio ya taifa All India Radio na televisheni ya taifa Doordarshan. Kila mmoja na waziri wake au bosi wake, kila mmoja na vifaa vyake vya chini, ila juu mtambo ni mmoja na kuna kamati moja ya kuamua nani anapata nini. Aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga Dar wapangaji watano LUKU moja anajua nazungumzia nini. Kuna mwenye friji, kuna mwenye pasi, kuna anayesema mi nawasha taa tu, na umeme ukikata usiku kila mtu anajifanya amelala. Kwangu mimi maajabu ya INSAT yako hapa kwenye kamati, roketi ni mambo ya fizikia na fizikia ukiilipa hela ya kutosha inakubali, wakubwa watano wa serikali kukubaliana kugawana transponda (vile vifaa vya kupokea mawimbi na kuyarusha tena chini) 12 za simu na 2 za TV ndo kitu ambacho huwezi kukiagiza Marekani.

Wenyewe kabla ya kununua walijaribu na cha kuazima, na hapa stori inapita juu ya kichwa chetu kabisa, sio kwa mafumbo. Vikram Sarabhai, mwanafizikia wa Ahmedabad aliyeanzisha mambo ya anga India, alikuwa akisema nchi maskini ndo ina haraka zaidi ya setelaiti kuliko tajiri, maana tajiri ameshajenga minara na nyaya nchi nzima, maskini bado. Alifariki Desemba 1971 hajaona chochote kati ya hivi. Ila makubaliano na NASA yalikuwa tayari, na kuanzia tarehe 1 Agosti 1975 Wamarekani wakawaazima setelaiti yao ya majaribio, ATS-6, kwa mwaka mmoja. Vijiji kama 2,400 kwenye majimbo sita vikafungiwa TV ya kijiji na dishi la mita tatu lililotengenezwa kwa wavu wa banda la kuku. Wavu wa kuku kweli, sitanii, kwa mawimbi yale matundu hayasumbui. Jioni watu wanakaa chini wanaangalia kilimo, afya ya mama na mtoto, uzazi wa mpango, na asubuhi vipindi vya shule.

Sasa hiyo ATS-6 ili iione India vizuri ilisogezwa mpaka nyuzi 35 mashariki, juu ya ikweta. Chukua ramani uweke kidole. Ni Kenya, mashariki kidogo ya Kisumu, upande wa Nandi. Kwa mwaka mzima mwalimu wa wakulima wa Bihar na Rajasthan alikuwa amening'inia kilomita karibu 36,000 juu ya mashamba ya chai ya Nandi, na wakulima wa Nandi hawana habari.

Halafu Desemba 1976, miezi michache tu baada ya ATS-6 kumaliza kazi, nchi za ikweta zikakutana Bogotá kule Kolombia na kutoa azimio kwamba kipande cha obiti, ile njia ya angani ya setelaiti zinazokaa sehemu moja, kilicho juu ya ardhi yao ni mali yao. Kenya, Uganda na Zaire zilikuwemo. Hoja yao ilikuwa na uchungu wa kweli, kwamba hii barabara ya angani ni moja tu, iko juu ya ikweta peke yake, na matajiri wataijaza kabla sisi hatujavaa viatu. Kisheria haikufika mbali, mkataba wa anga wa 1967 ulishasema huko juu hakuna mwenye shamba, na nafasi zikaendelea kugawiwa kupitia ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kule Geneva. Sitaki kuwacheka wazee wetu, walichokiogopa kwa sehemu kubwa ndo kilichotokea. Ila angalia India. Haina hata inchi moja ya ikweta, haikuwa na anga ya kudai, ikaazima kifaa cha mtu kilichokaa kwenye "anga yetu", ikajifunza namna ya kutengeneza vipindi, kufunga madishi, kurekebisha TV zinazoharibika vijijini, na muda wa kuazima ulivyoisha ikawa inajua inataka kununua nini. Sisi tulidai kiwanja, wao walijifunza kujenga.

Na kujenga kwenyewe hakukuwa lelemama, nisije nikakufanya uone ilikuwa mteremko. INSAT-1A, iliyotengenezwa na Ford Aerospace (ndio, Ford wa magari), ilirushwa 10 Aprili 1982. Antena iligoma kufunguka mwanzoni, lile tanga nalo halikufunguka kabisa, na ilipofika Septemba mafuta ya kujiweka sawa yakaisha, ikawa chuma kinachoelea. Fikiria aibu, Novemba hiyo hiyo Delhi wanapokea michezo ya Asia na nchi ndo imeingia kwenye TV ya rangi. INSAT-1B ikapandishwa na Challenger, kile chombo cha Wamarekani cha kwenda angani na kurudi (shuttle), mwisho wa Agosti 1983, safari ile ile aliyokuwemo Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza kufika anga za juu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa vyombo vile kuruka usiku, sababu mojawapo ikiwa ni hiyo hiyo setelaiti ya Wahindi na hesabu zake za kufika ilipotakiwa. Nayo bawa lake la sola likagoma, wakalihangaikia mpaka katikati ya Septemba ndo likakubali. Baada ya hapo ikapiga kazi mpaka 1990. Huo mwaka 1984 vituo vidogo vya kurushia TV vilikuwa vinawashwa India kwa kasi ya karibu kimoja kwa siku. INSAT-1C ya 1988 ikapoteza nusu ya umeme wake mapema na mwaka uliofuata ikafa. INSAT-1D ya 1990 ikaishi miaka kumi na mbili.

Nne, mbili zimekufa mapema. Na hapa ndo hasara ya kupakia mzigo wote kwenye mashua moja, ikizama hajafa mmoja, simu imekufa, TV imekufa, picha za mawingu zimekufa, siku moja. Oktoba 1997 INSAT-2D, ambayo wakati huo walikuwa wanatengeneza wenyewe nyumbani, ilikata umeme miezi minne tu baada ya kurushwa, ikabidi wakanunue setelaiti iliyotumika, Arabsat-1C, ikiwa hukohuko angani. Mtumba wa angani. Wakaibandika jina jipya, INSAT-2DT, maisha yakaendelea.

Wako wanaosema basi wazo lote lilikuwa kosa, na ushahidi wao ni kwamba Wahindi wenyewe wameliacha. Ni kweli wameliacha. Mwaka 2002 walirusha setelaiti ya hali ya hewa peke yake, ikaja kuitwa Kalpana-1 kumkumbuka Kalpana Chawla, mwanaanga mzaliwa wa India aliyefariki kwenye ajali ya chombo Columbia Februari 2003, na siku hizi INSAT-3DR na INSAT-3DS, iliyorushwa Februari 2024, zinaangalia mawingu wakati mambo ya TV na intaneti yamehamia kwenye familia ya GSAT. Kila mpangaji ana LUKU yake. Mi sioni kama hiyo ni kukiri kosa. Ukiwa huna hela mnapanga watano, mkipata hela kila mtu anahama, na hakuna anayesema wakati mmebanana mlikuwa wajinga. Kosa lingekuwa kukaa nje na mvua miaka ishirini mnasubiri kila mtu apate nyumba yake.

Tena kubanana kule kulikuwa na faida moja ambayo watu wa uhandisi huwa wanaipita haraka, mimi ndo nataka nikae nayo.

Novemba 1977 kimbunga kilipiga pwani ya Andhra Pradesh kikaua watu wapatao 10,000. Miaka ya themanini INSAT ilivyokuwa imetulia juu, wakafanya kitu ambacho kinahitaji kamera na sauti viwe nyumba moja. Kamera inakiona kimbunga kikiwa bado baharini, watu wa hali ya hewa wanakisoma, halafu onyo linapandishwa kwenye setelaiti hiyo hiyo na kushushwa kupitia njia yake ya kurushia matangazo mpaka kwenye vipokezi vilivyofungwa kwenye vituo vya polisi na ofisi za serikali za pwani. Kila kipokezi kina anwani yake, kwa hiyo unaita wilaya unayotaka peke yake. Kwanza kinapiga king'ora ili hata aliyelala aamke, ndo inafuata sauti ya mtu, kwa Kitelugu au Kitamil, lugha ya hapo. Haina haja ya simu, na nguzo za simu ndo huwa za kwanza kuanguka. Mei 1990 kimbunga kikubwa kilipiga tena pwani ile ile ya Andhra. Waliokufa walikuwa chini ya 1,000. Bado ni wengi, lakini linganisha.

Ila usishangilie bado. Oktoba 1999 Odisha, jimbo la jirani, kimbunga kikaua tena watu karibu 10,000. Setelaiti zilikuwepo, zilikiona. Kilichokosekana ni nyumba imara za kukimbilia, na watu wenye kazi ya kwenda mlango kwa mlango kuwaambia wenzao ondokeni sasa hivi. Odisha wakajifunza kwa uchungu, wakajenga hayo majengo, wakafundisha vijana, na 2013 kimbunga Phailin kilipokuja walihamisha watu karibu milioni moja na waliokufa wakawa makumi. Jicho la angani halikubadilika sana kati ya 1999 na 2013 kwa kiwango cha kuelezea tofauti hiyo. Kilichobadilika kiko chini, miguu na milango.

Sasa sisi wa pwani hii. Bahari ni moja, lakini kwa miaka mingi picha za INSAT Wahindi hawakuzigawa wazi kwa dunia, nadhani kwa sababu za kiusalama na ubahili kidogo, na matokeo yake Bahari ya Hindi ikawa tundu kwenye ramani ya mawingu ya dunia nzima. Hiyo nawalaumu. Ni Wazungu waliokuja kuliziba, 1998 walisogeza Meteosat-5 iliyokuwa imezeeka mpaka juu ya Bahari ya Hindi kwa ajili ya utafiti wa mwaka mmoja hivi, utafiti ukaisha, huduma ikanoga, na mpaka leo kuna Meteosat ya zamu upande huu. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia Mei 2024, boti za Zanzibar zikasimamishwa, TMA, mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania, ikatoa tahadhari mapema, macho yaliyokuwa yakikitazama yalikuwa ya watu wengine. Yalikiona vizuri tu, na sioni ubaya.

Wiki moja tu baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za EASSy na Seacom zikakatika chini ya bahari huko Afrika Kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikapiga magoti. Mwezi mmoja, mafunzo mawili, na kama kawaida mitandaoni ikaanza kelele: tunataka setelaiti yetu. Kenya wana Taifa-1 ya 2023, hongera zao, ila hiyo ni ndogo ya kupiga picha za ardhi, inapita chini chini na kuondoka, haiwezi kukaa juu ya Mafia ikalitazama wingu moja kutwa. Ya kukaa ndo ghali. Nigeria walinunua NigComSat-1 ya 2007, ikakata umeme mwaka uliofuata. Angola yao ya kwanza, ya 2017, ikafa mapema, ya pili ndo ikakubali. Hata ile ya pamoja, RASCOM, ambayo nchi nyingi za Afrika zilichangia, ilirushwa Desemba 2007 ikavuja heliamu, 2010 ikaletwa nyingine. Mimi sizitaji kwa kejeli, nimeshakuonyesha Wahindi nao walipoteza mbili kati ya nne. Tofauti ni kwamba Wahindi zilivyokufa kulikuwa na wapangaji watano wanaopiga kelele bungeni na kwa mawaziri kwamba leteni nyingine, maana kila mmoja kazi yake imesimama. Setelaiti ya kampuni moja ikifa anayelia ni kampuni moja.

Kwa simu na intaneti tusidanganyane, siku za setelaiti za mbali zinahesabika. Safari ya kwenda na kurudi ni robo sekunde, mkiongea wawili inakuwa nusu, wazee waliopiga simu Ulaya zamani wanakumbuka ile haloo, haloo, halafu wote mnaongea kwa mpigo. Hizi mpya zinazoruka chini, kama Starlink ambayo Kenya wanayo tangu 2023, hazina huo ugonjwa. TV bado inazihitaji za mbali, ingawa hapo nina kinyongo changu, mechi ya watani dakika ya 80 mvua ya Dar ikishuka king'amuzi kinaandika hakuna mawimbi, na mwenye dishi lile kubwa la zamani la C-bendi, ambalo mtaani tulikuwa tunalicheka kwamba ni karai la kuoshea gari, yeye anaendelea kuangalia. Mawimbi marefu ya C-bendi mvua haiyajali sana, ya haya madishi madogo inayanywa. Wahindi nchi yao ya masika makubwa walianza na C-bendi, wala haikuwa bahati.

Mawingu ndo hayana mbadala. Ukitaka kuona kimbunga kinavyojisokota kila dakika kumi lazima ukae mbali na utulie, na Meteosat mpya iliyorushwa Desemba 2022 inafanya hivyo ikiwa imeelekea Afrika na Ulaya. Picha hizo TMA na wenzao wa Nairobi, Kampala na Kigali wanaweza kuzipokea. Kwa hiyo jicho lipo, limelipiwa na mtu mwingine, kama ATS-6 ilivyolipiwa na mtu mwingine. Ambacho hatuna ni ile nusu ya pili, njia ya onyo kushuka bila kutegemea mnara wa simu ambao upepo utauangusha, na kikao cha watu wa hali ya hewa, redio, mawasiliano na maafa ambao wamekubaliana kabla ya mvua nani anabonyeza nini. Transponda ya kurushia king'ora unaweza kukodi kesho asubuhi, soko limejaa.

Ningepewa swali moja kwenye kikao cha bajeti nisingeuliza setelaiti yetu inaruka lini. Ningeuliza Jibondo, pale mbele ya Mafia, king'ora kitafungwa jengo gani, ufunguo atakaa nao nani usiku, na betri ikifa nani anapanda boti kwenda kuibadilisha.